Sanduku la Sanaa la Watoto Baada ya Wiki Nne Mezani Kwetu

Likizo ya Juni ilipokaribia, nilinunua sanduku la sanaa la watoto katika duka moja la vifaa vya shule hapa Dar es Salaam kwa shilingi 48,000, nikitaka wanangu wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka minne, wapate kazi ya mikono ya kufanya nyumbani badala ya kushinda mbele ya televisheni. Tumelitumia kwa wiki nne, karibu kila siku baada ya chakula cha mchana, na nimeona ni vyema kuandika tuliyoyaona, kwa kuwa wazazi wengi hununua masanduku ya aina hii kwa kuangalia picha ya juu peke yake. Sitalitaja jina, maana masanduku haya yanauzwa kwa majina mengi yakiwa na vitu vilevile ndani, na ninayoyasema yatamfaa hata mzazi atakayekuta lenye rangi nyingine ya kifuniko.

Juu ya sanduku pameandikwa kwamba lina vipande zaidi ya 200. Nilivihesabu usiku ule watoto walipolala, navyo ni kweli vilizidi 200, lakini karibu 150 kati ya hivyo ni shanga na macho ya plastiki ya kubandika. Vitu vinavyofanya kazi yenyewe ni vichache: krayoni 12, maka peni 12, vidonge 12 vya rangi za maji, brashi tatu, mkasi mmoja, chupa ndogo ya gundi nyeupe, karatasi za rangi, waya laini zenye manyoya, vikopo vinne vya udongo wa kuchezea, na kijitabu cha maelekezo. Mzazi anayenunua asihesabu vipande. Aulize kama kuna mkasi mzuri, brashi nzuri, rangi na karatasi, kwa sababu mtoto hafanyi kazi yoyote ya maana bila vitu hivyo vinne.

Mkasi wa sanduku hili ni mzuri kuliko nilivyotarajia, na nauweka mbele kwa sababu mkasi mbovu ndio unaowakatisha tamaa watoto wadogo kabla ya kitu kingine chochote. Una ncha butu, vishikio vyake vinatosha vidole vitatu vya mtoto, na makali yake yanakutana vizuri hadi mwisho, kwa hiyo unakata karatasi ya manila bila kuikunja katikati ya vyuma. Huyu wa miaka minne alikuwa hajawahi kukata mstari ulionyooka. Siku tatu za mwanzo nilimpa vipande vyembamba vya karatasi ambavyo vinakatika kwa mkato mmoja tu, kisha vipana zaidi vya mikato miwili, na mwisho mstari wa kupinda. Kufikia wiki ya pili alikuwa anageuza karatasi kwa mkono wa kushoto huku mkasi ukibaki palepale, jambo ambalo nilikuwa sijamfundisha. Mkono wenyewe ulijifunza. Brashi pia zinaridhisha. Ile nene hubeba maji ya kutosha kupaka ukurasa bila kuchovya mara kumi, na manyoya yake hayakudondoka hata baada ya kuoshwa kwa sabuni kila siku.

Rangi za maji ndizo zilizotuangusha. Vidonge vyake ni vigumu, vina chokaa nyingi na rangi kidogo, hivyo mtoto anazungusha brashi iliyoloa mpaka mkono unachoka, na kinachotokea kwenye karatasi ni kivuli cha rangi tu. Mtoto hujifunza rangi kwa kuzichanganya, na hapo ndipo udhaifu ulipojitokeza waziwazi: buluu na njano vilipokutana tulipata majimaji ya kijivu yenye ukijani wa mbali, ilhali mwanangu mkubwa alikuwa ameshaambiwa shuleni kwamba patatokea kijani. Alinitazama kana kwamba nimemdanganya. Siku iliyofuata nilinunua chupa tano za rangi nzito ya maji, nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi, kwa shilingi 4,000 kila moja, tukarudia jaribio lile kwenye sahani ya plastiki. Njano ikawekwa kwanza, buluu ikadondoshwa tone moja kwa ncha ya kijiti, kwa kuwa buluu hula njano upesi, na kijani cha jani la mgomba kikatokea mbele ya macho yetu. Kwa chupa tano hizo watoto wamepata rangi zaidi ya zile 12 za sanduku, pamoja na kahawia ya udongo, ambayo waliipata kwa kuchanganya nyekundu, njano na buluu bila mimi kusema neno.

Karatasi zilizomo nazo ni nyepesi mno, za uzito ule wa karatasi za kuchapishia ofisini, yaani gramu 80 kwa mita ya mraba. Zinafaa kukatwa na kubandikwa, lakini zikiguswa na maji zinajikunja na kutoboka. Manila inastahimili maji, na ukibandika pembe zake nne mezani kwa selotepu kabla ya kupaka, hukauka ikiwa imenyooka.

Krayoni zake ni ngumu na hazikolei sana, lakini zilitupa mchezo mmoja ambao watoto waliuomba tena na tena. Mtoto anachora kwa krayoni nyeupe juu ya karatasi nyeupe, akikandamiza kwa nguvu, kisha anapaka rangi ya maji yenye giza juu yake. Nta huyakataa maji, rangi inateleza na kukusanyika pembeni mwa mistari, na mchoro uliokuwa hauonekani unajitokeza. Hata zile rangi dhaifu za vidonge zilifaa hapa, kwa sababu kazi hii inataka rangi nyembamba. Mkubwa alianza kumwandikia mdogo wake ujumbe wa siri kwa namna hiyo, na mdogo, ambaye hajui kusoma bado, akawa anaufunua kwa brashi na kukimbia nao jikoni ili asomewe. Kwa ajili ya jambo hilo moja nawasamehe waliotengeneza krayoni zile.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kijitabu cha maelekezo. Kina kazi 20, na nyingi ni za kutengeneza kitu kimoja kinachofanana na picha: mtu wa theluji, boga lenye meno, soksi ya kutundika, sungura wa pamba. Mtoto wa Tabata hajawahi kuona theluji, na halaumiwi kwa hilo. Tatizo kubwa kuliko theluji ni kwamba kila kazi ina jibu moja. Mwanangu mdogo alibandika jicho la sungura shavuni, akalinganisha na picha, kisha akaisukuma karatasi na kusema, “Mama, yangu imeharibika.” Haikuwa imeharibika hata kidogo. Tangu siku hiyo nilikiweka kijitabu kabatini, tukaanza kufanya kazi zinazotokana na vitu tunavyoviona, na hapo ndipo sanduku lilipoanza kutufaa kweli.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu na kutupa furaha kubwa ni kanga ya karatasi. Kila mtoto wa kwetu amebebwa kwa kanga, amefunikwa kwa kanga, na ameiona ikianikwa kambani, lakini wachache wameitazama ilivyopangwa: pindo linalozunguka pande zote nne, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Nilitandika kanga yangu sakafuni, nikawaomba watoto watembeze kidole kwenye pindo mpaka warudi walikoanzia, halafu wahesabu maua ya mjini. Kisha tukachukua manila nzima, tukapiga mstari wa pindo kwa penseli na rula, na kutengeneza mihuri. Kiazi mviringo hukatwa katikati, upande uliokatwa hukaushwa kwa kitambaa ili rangi isiteleze, na mtu mzima huchonga umbo kwa kisu. Sisi tulichonga korosho, kwa kuwa korosho ni umbo la zamani kwenye kanga na kiazi chenyewe kinalikubali vizuri. Kwa pindo tulitumia bamia. Ukiikata bamia kwa kuipitisha kisu upana wake, sehemu iliyokatwa ina umbo la ua lenye pembe tano, na muhuri huo haumhitaji mchongaji yeyote. Rangi haichovywi moja kwa moja, maana muhuri hulowa na kuacha doa. Humwagwa kidogo kwenye kipande cha sponji kilichowekwa kisahanini, na muhuri hugongwa hapo kwanza kabla ya kugongwa kwenye karatasi.

Nawashauri wazazi wasijaribu kuchonga herufi kwenye kiazi, kwa sababu hutokea zikiwa zimegeuka. Jina liandikwe kwa brashi nyembamba. Mkubwa alifikiri kwa muda mrefu kuhusu jina la kanga yake, akifuta na kuandika upya kwa penseli, mwishowe akaandika kwa herufi kubwa: BIBI KARIBU TENA. Mdogo akataka ya kwake iwe na jina hilohilo, na mwanzoni nilitaka kumshawishi atafute lingine, hadi nilipokumbuka kwamba kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana. Tukaziita doti moja. Zimetundikwa sebuleni mpaka leo, na pindo la mdogo, ambalo maua yake yanapanda na kushuka kama wimbi, ndilo ninalolipenda zaidi.

Kazi ya pili niliyoiweka mahali pa kijitabu ilitokana na michoro ya Tingatinga, ambayo watoto wa Dar es Salaam huiona barabarani bila kuambiwa ilivyoanza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora jijini humu mwaka 1968, akitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kujengea na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na alipofariki mwaka 1972 ndugu na wanafunzi wake waliendelea na mtindo huo, ambao hadi sasa unafanywa na kuuzwa kwenye ushirika wao pale Morogoro Stores, Oysterbay. Nilichowapa watoto ni mpangilio wa kazi peke yake. Kwanza karatasi nzima inapakwa rangi moja na kuachwa ikauke kabisa. Kisha anachorwa mnyama mmoja mkubwa anayeijaza karatasi, bila kuhofia miguu mirefu au shingo iliyopinda. Mwishoni yanawekwa madoa, moja baada ya jingine, kwa njiti ya kiberiti au kijiti cha pamba cha kusafishia masikio. Rangi zile za mafuta zisitumike na watoto ndani ya nyumba, kwa kuwa harufu yake ni kali, na zikishika mikono au brashi huondolewa kwa mafuta ya taa au petroli. Rangi nzito ya maji inatosha. Kuweka madoa kuliwatuliza watoto wangu kuliko kazi nyingine yoyote. Mdogo, ambaye kwa kawaida humaliza subira yake ndani ya dakika 20, alikaa karibu saa nzima akimwekea kanga madoa meupe, safari hii kanga ndege, akiyahesabu hadi anapopotea na kuanza tena kutoka moja.

Udongo wa kuchezea wa sanduku ulikauka siku ya nne, kwa kuwa vifuniko vya vikopo vyake havibani. Sioni sababu ya kuununua tena. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yanayokaribia kikombe kimoja, yanayoongezwa kidogo kidogo huku ukikanda kama unavyokanda chapati, hutoa udongo laini usioshika mikononi. Kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia huusaidia usipasuke, na ukifungwa kwenye mfuko ndani ya jokofu unadumu siku kadhaa. Vitu vilivyofinyangwa vinaweza kuokwa kwa moto mdogo wa nyuzi 100 kwa saa mbili au tatu kutegemea unene wake. Sisi tulianza kwa kuvianika juani, vikaonekana vimekauka, na baada ya siku chache vikalainika tena vikiwa kabatini, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewa na hewa ya Pwani inao mwingi. Tangu hapo tunavioka.

Gundi ya chupa ni nzuri, ila iliisha ndani ya wiki moja. Tulirudi kwenye gundi niliyoitumia mwenyewe utotoni kubandikia tiara, yaani uji mzito wa unga wa muhogo au wa ngano uliokorogwa jikoni mpaka ukaacha weupe na kuanza kuvutika. Hushika karatasi barabara, na hata mtoto akilamba kidole hakuna wa kumkimbiza hospitali. Kwa vijiti vya chelewa vilivyochomolewa kwenye fagio, gazeti na gundi hiyo, mkubwa alitengeneza tiara yake ya kwanza, ikapaa juu ya ukuta wa jirani kwa muda mfupi kabla mkia haujafunguka.

Kuhusu usalama sina budi kusema kwa ukali kidogo. Nilipokuwa dukani nilimuuliza muuzaji sanduku hili ni la umri gani, naye akanijibu, “Mama, hili ni la watoto wote.” Chini ya sanduku, kwa maandishi madogo sana, kuna alama inayosema halifai kwa watoto wa chini ya miaka 3, na sababu yake ni shanga na yale macho. Kipimo kinachotumiwa kimataifa kukagua vitu vya kuchezea vya watoto hao ni kichupa chenye upana wa milimita 31.7, na kitu kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Nyumbani hatuna kichupa hicho, lakini bomba la karatasi lililobaki baada ya karatasi ya chooni kuisha ni pana kidogo kuliko hapo, na kitu chochote kinachopita ndani yake kiwekwe mbali na mtoto anayetia vitu mdomoni. Shanga zote za sanduku letu zilipita. Niliziweka kwenye chupa juu ya kabati na sasa hutumiwa na mkubwa peke yake, mezani, mimi nikiwepo. Baadhi ya masanduku huja pia na vile vishanga vinavyovimba vikiwekwa majini. Mzazi akivikuta avitupe, maana vikimezwa huendelea kuvimba tumboni na vinaweza kuziba utumbo.

Wiki ya mwisho mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga, akapokewa na shikamoo mbili na zile kanga mbili za karatasi. Alizisoma, akakaa kimya kidogo, kisha akaomba aonyeshwe sanduku. Alichochagua humo ni karatasi za rangi, ambazo sisi tulikuwa tumezipuuza. Alizikata vipande virefu vyembamba kwa ule mkasi wa watoto, akamketisha mkubwa karibu naye na kuanza kumfundisha kusuka ukili kama anavyosuka kwa miyaa, kipande kimoja juu, kingine chini, ukingo ukikunjwa kurudi ndani. “Usivute kwa nguvu, mjukuu wangu,” alimwambia, “uache ulale wenyewe.” Karatasi ile nyepesi ambayo haikufaa kwa rangi ilifaa kabisa kwa kusuka, kwa kuwa hukunjika bila kukatika, na jioni ile walikuwa na ukili wa njano na nyekundu wenye urefu wa mkono mzima. Mdogo alisuka wa vipande vinne vipana, kama jamvi.

Kwa hiyo sanduku hili nalipa nyota tatu kati ya tano: mbili ni za mkasi na brashi, na moja ni ya karatasi na krayoni. Kama ningeanza upya, ningenunua mkasi wa ncha butu kwa shilingi 2,500, brashi tatu kwa 4,500, krayoni kwa 3,000, manila kumi kwa 7,000, na zile chupa tano za rangi kwa 20,000, jumla 37,000, nikabaki na shilingi 11,000. Bei hizo ni nilizokuta katika maduka ya jumla na rejareja ya Kariakoo, katika mizunguko miwili ya Jumamosi. Anayeishi mbali na Kariakoo, au anayetaka zawadi iliyofungwa vizuri kwa ajili ya mtoto wa ndugu, anaweza kulinunua sanduku, mradi aongeze angalau chupa tatu za rangi, nyekundu, njano na buluu, na manila chache, kisha azitoe shanga kabla hajalifunga tena. Likizo ijayo sisi tutahitaji chupa nyingine ya njano. Buluu bado ipo nusu.